UZI: Kitibeti kiingie kwenye mchezo wetu, ila kiingie na adabu zake zote

#1 Mwanzisha uzi (Mbeya mjini)

Wakuu salama huko, Makete, Mafinga, Tukuyu, Vwawa, kote mliko. Naombeni muda wenu maana jambo hili nimelibeba moyoni na naona tusipoliweka sawa saa hizi litatuharibia hadithi nzuri.

Kwa wageni: sisi ni kundi la watu wa nyanda za juu kusini tunaoandika hadithi kwa zamu kwenye seva ya Discord, kila mtu ana mhusika wake, unaandika anachosema na anachofanya, mwenzio anajibu kwa mhusika wake, mchezo unasonga. Wengine wanaita roleplei. Hadithi zetu zilikuwa za huku huku, vita vya Wahehe na Wajerumani, wachuuzi wa chumvi ya Ivuna, mambo ya Kyela na ziwani. Sasa memba wamepiga kura tukapanda mbali kidogo, msafara wa wafugaji wa tambarare ya Changthang kule Tibet, miaka ya 1930, wanachota chumvi kwenye maziwa ya juu huko, wanaipakia kwenye migongo ya kondoo na yaki, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, wanashuka nayo milimani kwenda upande wa Nepal kubadilishana na nafaka. Biashara hiyo ilikuwepo kweli na imelisha watu karne nyingi, kwa hiyo mada tumeipata, sio ya kubuni.

Shida ni lugha. Kura ilisema tuongeze Kitibeti kwenye seva kama tulivyoongeza Kihehe kwenye ile hadithi ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, na nimeunga mkono kwa mikono miwili, ila nimepita kwenye chaneli ya majaribio na roho imeniuma. Watibeti wote walioingia mpaka sasa ni watawa, wote wazee, wote wamekaa juu ya jiwe wanatoa mafumbo, wanasema Tashi delek mara moja afu wanaendelea kuongea kama waganga wa kwenye filamu. Hakuna mama anayegombana na mkwe wake, hakuna kijana mwenye deni, hakuna mtu anayelalamikia bei ya sufu. Hao ni watu jamani, mamilioni ya watu wanaongea lugha hii leo hii, wanatongozana kwayo na wanakaripia watoto kwayo. Tukiiweka kama shanga za kujipamba tumewakosea na hadithi yenyewe inakuwa ya karatasi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, tusijaze maneno ya Kitibeti kila mstari, tuchukue namna wanavyoongea. Mazungumzo yabaki Kiswahili ili kila mtu afuate, lakini mhusika wa Kitibeti aongee kwa kanuni za kwao. Na kuna kanuni mbili ambazo naona zimekaa kama zilitengenezwa kwa ajili ya mchezo kama wetu.

Ya kwanza ni namna ya kusema umejuaje. Kwenye Kitibeti cha Lhasa, mji mkuu wa Tibet, huwezi tu kusema mvua imenyesha ukaishia hapo. Ukisema *charpa tang song* maana yake imenyesha na wewe umeshuhudia. Ukisema *charpa tang shak* maana yake hukuiona ikinyesha ila umetoka nje ukakuta ardhi imelowa, dalili iko mbele yako. Ukisema *charpa tang pa re* unasema ni jambo lililokuwa, linajulikana, lakini sio kwa macho yako. Mwisho wa kitendo ndio unaobeba hiyo habari, na msemaji hana njia ya kuikwepa, lazima achague. Hata kwenye vitu vilivyopo wanatofautisha, *yö* kwa kilicho chako au unachokijua kwa undani wako, *duk* kwa unachokiona, *yo re* kwa kinachojulikana kwa ujumla. Na ukimuuliza mtu swali unatumia umbo ambalo yeye atajibu nalo, yaani unamtegea upande wake wa kujua kabla hajafungua mdomo.

Sasa fikirieni ugonjwa wetu mkubwa. Mchezaji amesoma chaneli zote, anajua kila kitu, na mhusika wake ghafla naye anajua kila kitu. Mnakumbuka hadithi ya Lugalo, ile vita ya Agosti 1891, mhusika aliyekuwa Kalenga, makao ya Mkwawa, ameanza kushangilia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, kauawa kabla hata mjumbe hajatokeza. Tulibishana wiki nzima! Kwa Kitibeti ubishi ule usingezaliwa, kwa sababu kabla hujaandika sentensi lazima ujiulize huyu mtu wangu ameona, amekuta dalili, au amepata kwa wengine. Ukikosa jibu basi mhusika wako hajui, funga mdomo.

Nimejaribu kipande kidogo. Asubuhi, yaki jike wawili hawapo, huko jike linaitwa *dri*. Kijana Lhakpa anasema "Wameelekea mtoni, nimewaona." Mama Dolma anainama anagusa kinyesi, kimeganda juu lakini ndani bado laini, anasema "Kumbe wameelekea bondeni, na ni alfajiri." Wote wanajua sasa kwamba mmoja wao anadanganya na hakuna aliyemwita mwenzie mwongo. Uzito wote wa pale umebebwa na "nimewaona" na "kumbe". Na Kiswahili chetu kina vyombo vya kutosha kwa kazi hii, kumbe, eti, inasemekana, nimeshuhudia, inajulikana, ni kuvitumia kwa makusudi badala ya kuvirusha tu.

Kanuni ya pili ni heshima, wao wanaita *zhesa*. Hii sisi watu wa shikamoo tunaielewa haraka, ila kwao imeingia mpaka kwenye viungo vya mwili. Mkono wako wewe ni *lagpa*, mkono wa mtu unayemheshimu ni *chag*. Kichwa chako *go*, chake *u*. Jina lako *ming*, lake *tsen*. Chai yako *cha*, ukimkaribisha mgeni inakuwa *söja*. Na hujitumii mwenyewe maneno ya heshima hata siku moja, kwa hiyo katika sentensi moja mtu anajishusha na kumpandisha mwenzie papo hapo. Afu kuna *la* inayobandikwa nyuma ya jina, Pema-la, Tashi-la. Mnaona drama iliyomo humo? Mhusika wako ana hasira na mjomba wake, hamtukani, anaondoa tu heshima kwenye neno moja na kila mtu hemani anaacha kutafuna.

Naomba maoni, pingeni kwa hoja.

#2 Mdau wa Njombe

Mkuu umeandika vizuri na nimekuelewa ila mimi nina donge. Kibena kiko wapi? Kikinga kiko wapi? Kisafwa hapo mlango wa jirani yako kiko wapi? Watoto wetu mjini hawajui hata kujibu kamwene, bibi akisalimia mtoto anacheka, sasa sisi tunaenda kuhangaika na lugha ya huko Himalaya. Sijasema ni vibaya, nasema inauma.

#3 Mwanzisha uzi

Kaka donge lako ni halali na silipitii juu juu. Mimi nyumbani ni Kinyakyusa na naona kinavyopungua kwa wadogo zangu, wanabaki na ndaga na ugonile basi. Lakini angalia kilichotokea kwenye ile ya Mkwawa, Kihehe kiliingia kama salamu mbili tatu na majina ya silaha afu kikaishia hapo, kwa sababu hatukuwa na utaratibu wowote wa kuingiza lugha, kila mtu aliokota neno akabandika. Hiki tunachojenga saa hizi, kwamba lugha inaingia na adabu yake na namna yake ya kuongea, tukikikamilisha tunakigeuza hapo hapo kwenye za kwetu. Kinyakyusa kina mambo mazito ya heshima kati ya mke na baba mkwe wake, zamani mkwe hata njia anabadilisha asikutane naye, hicho ni kitu cha kuandikia hadithi nzima na hatujawahi kukigusa. Na kwa za kwetu tuna bahati ambayo kwa Kitibeti hatuna, wasemaji tunao humu humu. Wewe ukikubali kuwa msimamizi wa Kibena mimi nakufungulia chaneli leo.

#4 Mdau wa Njombe

Nimekubali. Ila usije ukanikimbia nikianza kudai sauti sahihi.

#5 Mdau wa Tukuyu

Mimi swali la kawaida tu, jana kuna memba kaweka maandishi yao, kwenye simu yangu nimeona viboksi vitupu, na mwenye kompyuta anasema kwake yanaonekana. Shida ni bando au ni simu?

#6 Mwanzisha uzi

Bando halihusiki mdogo wangu, ni fonti. Herufi za Kitibeti zimo kwenye Unicode, ule mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, tangu toleo la mwaka 1996, kompyuta za Windows za miaka mingi sasa zina fonti inaitwa Microsoft Himalaya, na iPhone zina mpaka kibodi yake. Ila simu za Android za zamani nyingi hazijawekewa fonti ndio maana unapata viboksi. Kuna Noto Serif Tibetan ya bure, mwenye kompyuta anaweza kuiweka.

Ila hata ukiiona ni kazi kuisoma. Angalia hii:

བཀྲ་ཤིས་བདེ་ལེགས།

Hiyo ndio Tashi delek. Ile nukta ndogo juu inatenganisha silabi, sio maneno, nafasi kati ya maneno hakuna kabisa, na ule mstari wa wima ndio mwisho wa kifungu. Konsonanti za msingi ni 30, irabu zina alama nne za kuweka juu au chini, na kama hujaweka alama yoyote basi sauti ni "a". Herufi zinapandana juu kwa chini kwa hiyo ukitumia fonti mbovu zinamwagika pembeni na neno linakufa. Tahajia nayo ni ya kale mno, hati hii wenyewe wanaihesabu tangu karne ya 7, enzi za mfalme Songtsen Gampo, na waziri wake Thonmi Sambhota ndiye wanayempa sifa ya kuitunga. Matamshi yamekimbia lakini maandishi yamebaki palepale, nane inaandikwa herufi za b-r-g-y-a-d na mtu wa Lhasa anatamka kama "gye" tu.

Kwa hiyo naona hivi, kwenye mazungumzo tuandike kwa herufi zetu kufuata matamshi, na hati yenyewe ikae kwenye kadi ya mhusika, jina lake tu, likiwa limehakikiwa. Asiyeweza kuiona asipungukiwe na kitu kwenye hadithi. Na admini naomba boti ya kukata meseji ndefu irekebishwe, maana kwa Kitibeti mstari unaruhusiwa kukatika baada ya ile nukta, sio katikati ya silabi, na saa hizi inakata popote.

#7 Dada wa Iringa

Mimi majina. Nimemuandika mhusika wangu "Tenzin Lhasa" nikidhani la pili ni la ukoo, nikaambiwa hapana. Sasa ukoo wanauwekaje?

#8 Mwanzisha uzi

Dada Watibeti wengi hawana jina la ukoo kama sisi, mtu ana jina moja au mawili na yote ni yake mwenyewe, mama na mwana wanaweza wasifanane hata herufi. Mengi wanapewa na lama, yaani mwalimu wa dini yao, na mengi yanatumika kwa wanaume na wanawake sawa, Tenzin ni mmojawapo, Pema pia. Kuna wanaoitwa kwa siku waliyozaliwa, Nyima ni Jumapili, Dawa Jumatatu, Migmar Jumanne, Lhakpa Jumatano, Phurbu Alhamisi, Pasang Ijumaa, Penba Jumamosi. Sasa kijiji kimoja kina akina Dawa wengi, wanatofautishwaje? Kwa nyumba yao, kwa walikotoka, kwa kazi, kwa umbo. Wewe wako mpe jina moja afu msafara ndio umuongezee la kumtofautisha kadiri mnavyoandika, itakuwa tamu zaidi kuliko kulipanga mwanzoni.

Na kitu kingine usikiruke, mtu wako ametoka wapi. Kitibeti sio kimoja. Kuna cha kati huko Lhasa na Shigatse, kuna cha Kham mashariki, kuna cha Amdo kaskazini mashariki, na mtu wa Amdo na mtu wa Lhasa wakiongea kila mmoja cha kwao wanaweza wasielewane kabisa. Cha Lhasa kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha maana ya neno, cha Amdo hakina, ila cha Amdo bado kinatamka konsonanti nyingi ambazo Lhasa wamezimeza. Hizo *song* na *shak* nilizoeleza ni za Lhasa. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kham akifika kwenye kambi ya wafugaji wa Changthang asielewe kila kitu mara moja, mwacheni aulize, arudiwe, akosee bei. Msimfanye kila mtu anaelewa kila mtu, hiyo ndio inaua safari.

#9 Mdau wa Mbarali

Nakubaliana na mengi. Swali langu, tukitumia apu za kutafsiri si zinatosha? Mimi nina mhusika mchawi nataka awe na maneno ya kuloga, nilikopi *Om mani padme hum* nikapesti.

#10 Mwanzisha uzi

Mkuu hapo nakuomba kwa heshima zote ulitoe. Hayo ni maombi, na asili yake ni Kisanskriti, watu wanayatamka huku wanahesabu shanga, wanayachonga kwenye mawe ya njiani, bibi anafariki na hayo mdomoni. Sisi hapa mtu akichukua sala ya msibani akaifanya maneno ya kurusha moto kwenye gemu tungekasirika, tena vibaya. Mchawi wako muandike kwa Kiswahili, atatisha vizuri tu.

Apu za kutafsiri zipo na zinaendelea kukua ila kwa matumizi yetu hazifai kuachiwa peke yake, maana hazijui mhusika wako anaongea na nani, kwa hiyo heshima itachanganyikana na hiyo habari ya umeona au hukuona itapangwa kibahati. Neno moja moja angalia kwenye kamusi, sentensi nzima iende kwa msemaji. Na msemaji ni mtu, tusimfanye mashine. Tukimpata mmoja aliye tayari tumuombe, tumshukuru, na tumtaje kwenye ukurasa wa hadithi kama akiridhia.

#11 Mdau wa Kyela

Siasa je? Maana nikitaja Tibet kuna watu wataleta ugomvi humu.

#12 Mwanzisha uzi

Hadithi ni ya miaka ya 1930, kwa hiyo ya mwaka 1959, Dalai Lama kukimbilia India na watu wengi kumfuata, hayamo kwenye msafara wetu, na mhusika hawezi kuyajua. Lakini wachezaji wayajue. Leo wasemaji wako Tibet yenyewe na mikoa ya China ya Qinghai, Gansu, Sichuan na Yunnan, wengine India, Nepal na kwingine, na huko ugenini wazazi wanahangaika watoto wasipoteze lugha, sawasawa na alivyosema kaka wa Njombe hapo juu. Kwa hiyo akija msemaji kwenye seva yetu, awe ametoka upande wowote ule, hatumhoji msimamo wake, tunamkaribisha chai. Ugomvi wa siasa modereta afunge, kuuliza kwa adabu kuruhusiwe.

Na mengine madogo ya mazingira maana nimeona makosa. Lhasa iko mita kama 3,650 juu ya usawa wa bahari, kilele cha mlima Rungwe hakifiki 3,000, kwa hiyo mgeni akitoka mabondeni asipande mbio akiimba, kichwa kitamuuma na pumzi itakata. Chakula chao cha safari ni *tsampa*, unga wa shayiri iliyokaangwa, mtu anamimina chai yenye siagi na chumvi kwenye bakuli, anaweka unga, anakanda kwa vidole huku anazungusha bakuli mpaka linakuwa donge, anakula hapo hapo. Wali kila siku kwenye kambi ya wafugaji hapana. Na salamu, Tashi delek ni ya heri, imezoeleka sana kwenye Losar yaani mwaka mpya, ila watu wakikutana njiani kuulizana unaelekea wapi nayo ni salamu tosha.

Wanaotaka kuingia waandike hapa chini jina, anatoka wapi, anafanya nini, na mistari michache tuone.

#13 Dada wa Iringa

Nimerudia. Jina Pasang, mwanamke, wa upande wa Shigatse, anauza siagi ameshonea kwenye ngozi, anafuata msafara kumtafuta mumewe. "Pema-la, karibu *söja*. Mimi yangu imepoa, nitakunywa hivyo hivyo. Mume wangu amewauza kondoo wote kule mpakani, na hela amekula na rafiki zake."

#14 Mwanzisha uzi

Dada safi sana, heshima umeipanga vizuri, ya Pema imepanda na yako imeshuka. Sehemu moja tu, hiyo ya mume kuuza kondoo, Pasang alikuwa mpakani akaona, amekuta zizi tupu, au kuna mtu kampenyezea? Chagua afu uandike upya mstari huo, ukimaliza nakupa lebo uingie.

#15 Dada wa Iringa

Kampenyezea shemeji yake, na shemeji mwenyewe ana deni na mumewe. Naandika sasa hivi.